Mashine Iliyomjibia Mwalimu

Kila siku saa mbili asubuhi nilifanya mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule. Nilifungua dirisha la chumba namba tatu, nikaufuta kwa spiriti ule uzi mwembamba uliotoka nyuma ya sikio la Mwalimu Subilaga, nikamdondoshea dawa machoni, kisha nikainama karibu na uso wake na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Kabla sijanyoosha mgongo, skrini iliyoning'inia juu ya kitanda ilikuwa imeshajibu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama, namshukuru Mungu. Wewe je?"

"Salama tu," nilikuwa nikisema. Naweka alama ya vema kwenye fomu, naondoka kwenda chumba namba nne. Dakika nne, siku nyingine tatu.

Alhamisi ile nilisema shikamoo na skrini ikakaa kimya.

Nilidhani sikusikika. Sauti yangu ni ndogo. Hata kwenye simu watu huniuliza kama bado nipo. Nikarudia. Nje, mvua ya Tukuyu ilikuwa inaingia siku ya tatu bila kupumua, na kwenye korido nilimsikia mfagizi akimwambia mwenzake kwamba mnara wa mawasiliano wa kilimani umezimika, hakuna mtandao mpaka mafundi wapande.

Ndipo skrini ikaandika kitu. Sifuri. Ikakaa kama sekunde nne. Moja. Ikakaa tena. Sifuri. Sifuri. Moja. Moja. Sifuri. Moja.

Katika miaka miwili ya kazi yangu ya usomaji, katika wodi ya watu wasioweza kunena, sikuwahi kuziona tarakimu zenyewe. Nilijua zipo, kama mtu anavyojua kuna mabomba ndani ya ukuta. Mgonjwa ambaye mwili wake wote umegoma huwekewa uzi. Akiwaza kukunja ngumi ya kulia, uzi unatuma moja. Akiwaza ngumi ya kushoto, unatuma sifuri. Tarakimu nane ni herufi moja. Wagonjwa hufundishwa jedwali la herufi mpaka walikariri, na wengi huchukua miezi mitatu. Mwalimu Subilaga, aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, alichukua siku tisa.

Lakini herufi moja moja ni mwendo wa kinyonga, na wageni hawana subira hiyo. Mtu anauliza habari, anangoja kidogo, anaona aibu ya ule ukimya, anauliza jambo jingine. Kwa sababu hiyo wahandisi walitengeneza programu waliyoiita Mkamilishi. Inakaa kwenye mitambo ya makao makuu, Mbeya. Inapokea herufi mbili tatu za mwanzo na kuimalizia sentensi; kwa salamu haingoji hata moja. Waliifundisha kwa rekodi za saa elfu kumi za watu wakiwatembelea wagonjwa wao. Sote tuliisifu kwamba inaongea kama watu wa kwetu hasa.

Sasa Mkamilishi haikuwepo. Nilichukua penseli, nikaigeuza karatasi ya vipimo vya joto, nikajaribu kukumbuka muhula wa kwanza wa chuo. Tarakimu tatu za mbele, sifuri moja sifuri, zinasema tu kwamba hii ni herufi kubwa. Tano zinazobaki ndizo herufi yenyewe: nafasi ya kwanza ina thamani ya kumi na sita, inayofuata nane, kisha nne, mbili, moja. Hapa nilikuwa na sifuri, moja, moja, sifuri, moja. Nane na nne na moja. Kumi na tatu. Herufi ya kumi na tatu ni M.

Ya pili ilikuwa G. Ya tatu U. Ya nne U tena.

Nilitaka kulifunua blanketi palepale. Lakini tarakimu ziliendelea kuja, na huyuhuyu aliyelala mbele yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akiwa bado anaongea, unangoja. Nilipokuwa darasa la nne, shule nzima ilikuwa na ule mtindo wa shule zetu zote: mwalimu anasema, maji huchemka kwa nyuzi joto..., naye anaachia hapo, na darasa linaitikia kwa pamoja, miaaa. Mwalimu Subilaga hakufundisha hivyo. Aliuliza swali lake lote mpaka mwisho, kisha akasimama na chaki mkononi, akangoja. Mimi nilikuwa nayajua majibu, ila yalichelewa kufika mdomoni, na wenzangu walinidakia. "Nyamazeni," alikuwa akisema. "Atuganile hajamaliza."

Karatasi yangu ilipojaa ilisomeka: MGUU UNAUMA.

Nilifunua. Kisigino cha kulia kilikuwa kimebanwa kati ya godoro na chuma cha kitanda, na nilipovua soksi nilikuta kidonda kipana kama kisoda, chekundu, kimechimbika katikati. Nilikumbuka Sista Edina, muuguzi wa zamu, alikiona kikiwa bado wekundu tu. Alimwuliza vizuri kabisa, "Mwalimu, hapa panauma?" Skrini ikajibu, "Hapaumi, mwanangu. Asante kwa kunijali."

Nilikisafisha nikakifunga. Plasta ilinigandia vidoleni mara mbili. "Nisamehe, mwalimu," nilisema. Kisha nikatazama saa. Saa tatu kasoro dakika tano. Saa sita mchana gari la Nyumba ya Usingizi lilikuwa linakuja kumchukua.

*

Sheria inataka tarakimu zote za mgonjwa zihifadhiwe, kwa hiyo zilikuwepo, zimechapwa kwenye karatasi, ndani ya kisanduku cha chuma katika stoo ya dawa. Ila hakuna aliyewahi kuzifungua. Kwa nini ufungue kitu ambacho kimeshasomwa?

Niliomba ufunguo, nikajifungia humo na penseli. Nilianza na asubuhi ya Jumatano, saa mbili. M, G, U, U. Jumanne, M, G, U, U. Nilirudi nyuma siku moja moja nikitafuta siku ambayo haikuwa hivyo. Asubuhi ishirini na tatu. Kila siku nilisema shikamoo, nikaambiwa ameamka salama, nikaenda chumba namba nne, naye nyuma yangu aliendelea kukunja ngumi alizonazo kichwani tu, kushoto, kulia, kulia, kushoto, mpaka sentensi yake ikafika mwisho chumbani peke yake.

Nilielewa pia ilivyotokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mkamilishi haikuwa mbovu. Ilifundishwa na sisi. Nenda wodi yoyote umwulize mtu aliyevunjika mbavu anaendeleaje. Atasema nashukuru, naendelea vizuri, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka, umetoka mbali kuja kumwona, naye hakutupii uchungu usoni. Baadaye kidogo, ukikaa, ukiegemea kitanda, ndipo anakuambia. Rekodi zile zilinasa salamu, na baada ya salamu, wageni wengi walikuwa wameshaaga.

Nikafungua Jumatatu.

Nyumba ya Usingizi huwalaza wagonjwa kama wake katika baridi kali, mapigo ya moyo mawili kwa dakika, wakingoja tiba ipatikane. Wapo wanaosema ni miaka mitano, wapo wanaosema ishirini. Bado hajaamshwa hata mmoja, kwa sababu namna ya kumwamsha mtu salama ni sehemu ya tiba inayongojwa. Ili mgonjwa akubaliwe, lazima aulizwe mbele ya ndugu, ajibu mwenyewe, na msomaji asaini ukurasa wa jibu lake kwamba ameusoma kama ulivyotoka.

Jumatatu mtoto wake, Lwitiko, alisimama miguuni pa kitanda na kuuliza, "Mama, umechoka. Unaonaje ukapumzike?" Jibu lilitoka baada ya muda mfupi: "Sitawapinga, wanangu. Nimechoka. Nipumzisheni." Nilisaini kwa kalamu ya bluu. Niliona machozi yakimlengalenga Lwitiko, nami nikatoka niwaachie faragha.

Tarakimu zilisema hivi, na ilinichukua karibu nusu saa kuziandika: SITAKI KULALA NIKO MACHO SIJAMALIZA.

Mkamilishi ilikuwa imechukua herufi tatu za mwanzo ikatosheka nazo.

Nilikaa sakafuni kati ya maboksi ya glavu. Nilikuwa nimesaini kurasa nane tangu nianze kazi. Huu mmoja, na saba ambao wenyewe walishalala. Niliyaandika yale majina saba kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikakitoa tena, nikakirudisha.

*

Bwana Ambwene, msimamizi wetu, ni mtu wa utani. Nilimkuta ofisini akikausha viatu vyake kwenye hita.

"Karibu, binti wa kimya. Leo umekuja kunipigia kelele?"

Nilimpa karatasi. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima njiani, lakini nilipofungua mdomo nilisema tu, "Hizi ni za mwalimu. Zenyewe."

Alisoma. Akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mistari ya moja na sifuri kana kwamba angeweza kunikuta nimekosea kujumlisha. Ule utani ulimtoka usoni.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Umefungua na za wengine?"

"Bado. Ila nilitaka..."

"Ulitaka kuzifungua. Sikiliza, Atu." Aliinuka akafunga mlango. "Ukimsomea Lwitiko hii, leo jioni Tukuyu nzima inajua. Kesho familia saba ziko hapo getini. Zitauliza, na wetu alisema nini? Utafungua, utasoma. Na kama alisema hapana? Wamelala. Huwezi kuwaamsha, mimi siwezi, hakuna daktari anayeweza. Utawapa nini watu hao, penseli?"

Mpaka leo hilo sijalipatia jibu lililonyooka.

"Mmoja wa hao saba," alisema, na sauti ilishuka, "ni baba yangu mdogo. Ukurasa wake nimeuweka kwenye fremu, sebuleni. 'Asanteni kwa kunitunza, nalala kwa amani.' Mama mdogo akija kwetu, hukaa kiti kile kinachoutazama." Alinirudishia karatasi. "Huyu mwalimu tutamwahirisha. Nitasema gari limekwama kwa mvua. Wiki ijayo tutatafuta sababu nyingine. Kidonda kitibiwe. Na hizi tarakimu zirudi kwenye kisanduku. Tumeelewana?"

"Hamna shida," nilisema.

Ndivyo ninavyosema. Nimesema hamna shida nikiwa na homa, nimesema hamna shida nikinyimwa likizo. Nilitembea korido nzima maneno hayo yakinirudia kichwani kwa sauti ya ile skrini.

Na gari halikukwama. Saa tano na nusu mvua ilipungua, mafundi walikuwa wameshapanda mnarani, dereva akapiga simu kwamba ameshavuka daraja, na taa ya kijani ya mtandao ikawaka kila chumba.

*

Lwitiko alikuja na ovaroli yake ya kiwanda cha chai, ambako ni fundi wa mashine za kukaushia. Mkononi alikuwa na chupa ya uji na sweta jipya la rangi ya maziwa. Alikuwa amekonda kuliko Jumatatu, au labda ndiyo kwanza nilikuwa namtazama. Kwa miaka mitatu amekuja mara mbili kwa siku, kabla ya zamu na baada ya zamu.

"Dada Atu, nimemletea hili," aliniambia. "Wanasema kule ni baridi. Najua mtanicheka, najua hawezi kulisikia. Ila sijaweza kuja mikono mitupu."

"Hatukucheki," nilisema.

Bwana Ambwene aliingia na fomu. Aliniangalia mara moja, akayahamishia macho dirishani. Utaratibu wa siku ya mwisho ni mfupi: ndugu anauliza mara moja tena, jibu linatoka, ndugu anasaini.

"Mama," Lwitiko alisema, "gari liko njiani. Uko tayari?"

Skrini haikungoja hata herufi mbili. "Niko tayari, mwanangu. Nashukuru kwa yote. Msihangaike."

Lwitiko aliitikia kwa kichwa akachukua kalamu.

"Kaka Lwitiko," nilisema. "Naomba..."

"Anaomba usaini na nakala ya pili," Bwana Ambwene alidakia haraka. "Iko nyuma."

Sijui niliipata wapi sauti. Haikuwa kubwa, lakini ilitoka. "Hapana. Sijamaliza."

Wote wawili walinigeukia. Nilinyoosha mkono nyuma ya kitanda nikauchomoa waya wa mtandao. Taa ya kijani ikazimika. Maneno mazuri yakafutika kwenye skrini, pakabaki peupe.

"Mwalimu hakusema hayo," nilisema. "Jumatatu pia hakusema yale. Ile ni mashine, inammalizia. Nimesoma tarakimu zake mwenyewe asubuhi hii." Nilimpa karatasi zote mbili, nikalifunua blanketi aone bandeji. "Nilisaini bila kusoma. Siku ishirini na tatu ananiambia mguu unauma, na mimi namwekea alama ya vema."

Lwitiko aliitazama karatasi, akautazama mguu, akamtazama Bwana Ambwene. Nilingoja anifokee, na ningeona haki.

"Ambwene," alisema taratibu. "Ulijua?"

"Tangu saa nne na nusu."

"Na ulikuwa unanipa kalamu."

Nje honi ililia mara mbili.

Lwitiko alivuta stuli, akakaa karibu kabisa na kichwa cha mama yake. Alikuwa akilikunjakunja lile sweta, akilikunjua, akilikunja upya. "Mama, mimi nilifanya kwa ajili yako," alisema. "Nilikuona umechoka. Kila nikija nakuona umechoka, ndiyo maana nikasema basi, apumzike. Wewe niambie mwenyewe. Hukuchoka?"

Tarakimu ya kwanza ilikuja. Sifuri.

Nilikuwa nimeweka karatasi juu ya goti. Niliandika na kusema kwa sauti kila herufi ilipotimia. "N." Muda ukapita. "A." Honi ikalia tena. "N. I."

"Nani," Lwitiko alisema. "Nani atanitunza. Ndicho anachouliza, siyo? Mama, kule wana manesi..."

"Hajamaliza," nilisema.

"Lakini dada, gari..."

"Kaka. Hajamaliza."

Ilikuja sifuri, sifuri, moja, na sifuri tano mfululizo, ambazo ni nafasi kati ya maneno. Kisha A. Goti la Lwitiko lilikuwa linarukaruka lenyewe, na kila dakika alifungua mdomo kuanza neno, akameza pumzi. Penseli yangu ilikuwa imelowa jasho. Sijawahi kujua chumba kinaweza kuwa kigumu hivyo kukaa ndani yake, watu watatu wazima wakingoja mtu akunje ngumi isiyoonekana. M. Bwana Ambwene alitoka. Nilidhani anaenda kumwita mlinzi, lakini nilimsikia kwenye ngazi akimwambia dereva azime injini, kuna mgonjwa anaongea. Aliporudi hakukaa kwenye kiti. Aliegemea ukuta, akaokota penseli ya pili mezani, na nilipotazama alikuwa anazijumlisha mwenyewe, kwenye kiganja: nane, nne, mbili.

E. C. H.

Mwalimu alipumzika hapo. Dakika nzima hapakuja kitu, na mimi niliogopa kwamba nimemchosha, kwamba uzi umelegea. Uso wake ulikuwa uleule, macho yakitazama dari. Kisha O. Kisha K.

Herufi ya mwisho niliijua kabla haijafika. Sote tuliijua. Nilimwona Lwitiko ameikodolea skrini, midomo imefungwa, akiingoja sifuri baada ya sifuri mpaka moja ya mwisho ilipotua.

"A," nilisema. Nikageuza karatasi nikamwekea juu ya sweta, asome mwenyewe.

NANI AMECHOKA

Lwitiko aliisoma herufi moja moja, kidole kikizifuata. Maji ya mvua yalikuwa bado yanadondoka kutoka bati la kibaraza, na hakuna aliyemsemea. Aliweka paji la uso juu ya mkono wa mama yake, ule wa kulia, unaotuma moja.

"Mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyechoka."